Nilisema Ndoo

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe saba Mei, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne. Naikumbuka tarehe kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimesimama jikoni nikichana karatasi ya kalenda, kazi ambayo zamani ilikuwa ya Hadia, na karatasi ilikuwa bado mkononi mvua ilipoanza kupiga mabati. Haikuwa mvua ya kutisha. Hapa mtaani kwetu Wiyoni, Lamu, tumeona mvua kubwa kuliko ile na tukalala usingizi. Lakini ilikuwa mvua kubwa ya kwanza tangu wakubwa watujengee barabara, na yale maji ambayo miaka yote yalikuwa yakipita ubavuni mwa nyumba yangu kwenda zake kwenye mikoko, siku ile yalifika kwenye barabara mpya, yakajigonga, yakageuka. Yakaingia ugani kwangu. Yakalala juu ya ukoka wa marehemu mke wangu, wala hayakutoka.

Alasiri jua likawaka. Kwa jirani yangu Thuwaiba pamekauka, anaanika nguo. Kwa Hamdu, mwenye punda, pamekauka, punda anajigaragaza mchangani. Kwangu mimi ni ziwa. Nilivua viatu nikaingia hadi katikati, pale Hadia alipokuwa akitandika jamvi lake. Maji yalinipita vifundo vya miguu. Chini ya nyayo niliusikia ule ukoka, laini bado, kama nywele za mtu aliyezama.

Hadia alikufa mwezi wa Rajabu, kabla ya mvua hizo. Mwanamke akifiwa hukaa eda, wenziwe huja wakapika, wakakaa naye. Mwanamume akifiwa, hitima ikishasomwa huulizwa ataoa lini. Mimi nilijibu sioi. Basi wakaenda zao.

Na barabara waliijenga lini? Ramadhani. Hawa watu wana akili, msiwaone hivi. Waliileta kazi yao wakati watu wamefunga, koo zimekauka, hakuna mwenye nguvu ya kugombana mchana, na usiku kila mtu yuko kwenye tarawehe. Wakamwaga kifusi, wakakishindilia, wakapanga matofali ya kabro juu, barabara ikanyanyuka mpaka ukisimama juu yake unaona ndani ya jiko langu. Nilimwendea msimamizi wao, kijana wa bara, mpole wa sura.

"Bwana," nikamwambia, "hapa ndipo ndia ya mai. Mkipandisha hivi, wekeni kalavati, bomba la kupitisha mai tini."

Aliitazama karatasi yake, akaigeuza, akaitazama tena. "Mzee, kwa mchoro hapa hakuna maji."

"Mchoro wenu umechorwa kiangazi."

"Basi ombeni mvua isinyeshe," akasema, na wenzake wakacheka. Nami nikarudi ndani. Angekuwapo Hadia angetandika jamvi mbele ya lile tingatinga akakaa, na wangemzunguka wakaondoka. Mimi nilikuwa mtu mmoja, tena mtu aliyezoea kusukumwa. Maisha yangu yote nimekuwa hamali pale gatini, kubeba gunia la mtu mwingine kulipeleka anakotaka yeye. Chuoni nilihitimu juzuu chache, shuleni niliishia darasa la tatu. Mtu kama mimi akisema hapa pana maji, maji hayapo mpaka mkubwa ayaone.

Ukoka wenyewe ulikuwa kichekesho cha mtaa. Hadia, mtu wa Chundwa, miaka mingi alifanya kazi ya kupika na kufua kwenye nyumba moja kubwa ya wageni huko Shela. Nyumba ile ilikuwa na uga wa ukoka uliokatwa ukalingana kama zulia. Kila mtunza bustani alipopunguza kingo, Hadia aliokota vipande vyenye mizizi, akavifunga kwenye leso iliyolowa, akaja navyo nyumbani. Akavipanda kimoja kimoja, hapa na hapa na hapa, mpaka vikashikana mikono. Mtaa huu ni mchanga na mawe na kinyesi cha punda. Katikati yake ghafla kukawa na kijani.

"Bi Hadia," Hamdu alikuwa akimtania akipita na punda wake, "hayo majani yote, wafuga mnyama gani?"

"Namfuga Yunusi," Hadia akimjibu. Yunusi ni mimi.

Kila siku baada ya alasiri alitandika jamvi katikati ya ukoka, akaweka birika la kahawa, akaniita: "Ndoo!" Msomaji asiye wa kwetu aelewe hapa, maana kisa chote kimekalia neno hili. Sisi Waamu tukimwita mtu hatusemi njoo, twasema ndoo. Na ndoo ya kuchotea maji nayo twaiita ndoo vilevile. Basi mara mojamoja, nikimwona amechoka au amenuna, nilitoka ndani na ndoo mkononi, nimeukaza uso kama askari wa bandari. "Umeita ndoo. Hii hapa." Naye alivua kandambili akanirushia. Hakuwahi kunipata. Nadhani hakuwa akikusudia kunipata.

Sasa ile ndoo ilikuwa jikoni imefunikwa, na hakuna wa kuniita.

Wiki zikapita, maji yakapungua kidogo, mvua ikarudi, yakajaa. Ukoka ukaanza kubadilika rangi kutoka kando, ukawa kama majani ya chai yaliyotupwa. Ukikanyaga, ardhi inatoa pumzi, na pumzi yenyewe inanuka. Vyura wakahamia. Mbu ndio usiseme. Mtume Yunusi alimezwa na samaki, akatapikwa ufukoni. Mimi Yunusi wa Wiyoni nilimezwa na barabara, na barabara haitapiki.

Binti yangu Nusra, aliyeolewa Mombasa, akapata habari. Thuwaiba alimtumia picha kwa simu. Akanipigia.

"Baba, huko si pa kukaa mtu. Ndoo kwangu. Chumba kipo."

"Na nyumba?"

"Nyumba tutaifunga. Tutaona baadaye."

Nilijua hiyo "tutaona baadaye" ina maana gani. Nyumba ikifungwa Lamu haikai siku nyingi, wanunuzi wananusa kuliko paka. Angekuja mtu na hela zake, angeondoa uga wote, angejenga vyumba vya wageni, na ukoka wa Hadia ungekuwa chini ya saruji.

"Siendi," nikamwambia.

Nusra ana ukaidi wa mama yake. "Basi sikiliza, Baba. Mimi nakuja Agosti, shule zikifunga. Nikikuta pakavu, watu wanaweza kukaa, sitafungua mdomo tena. Nikikuta kinamasi, unafunga mlango, tunapanda basi pamoja. Tumeagana?"

"Tumeagana," nikasema. Ningesema nini? Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu, chura mmoja ananitazama.

Nikaanza kazi. La kwanza nililofanya lilikuwa la kipumbavu, lakini mtaa mzima ulilikubali. Nilimwita Hamdu aniletee mchanga, punda wake wakaenda na kurudi, nami nikaumwaga juu ya maji nikisema mchanga utayanywa. Mchanga haukunywa kitu. Ulizama, ukachanganyika na ule udongo mwekundu uliochuruzika kutoka kwenye kifusi cha barabara, ukawa tope zito linalong'ang'ania mguu, na maji yakabaki juu yake yametulia vilevile.

Hamdu alisimama akitikisa kichwa. "Yunusi, wapika uji?"

"Ndoo unionjee," nikamwambia.

"Uji wako hauna sukari. Wallahi punda wangu wamekusaidia kuharibu."

La pili lilikuwa shimo. Nilisikia kwamba maji ukiyachimbia shimo la kina yanazama yenyewe. Nikachimba pembeni mwa uga, mpaka kifuani, ndani pakavu kabisa. Maji ya juu yakaanza kuteremkia mle, nikapiga bismillahi nikafurahi kama mtoto. Kumbe nimechimba siku za maji mafu, bahari iko mbali imelala. Bamvua ilipokuja, bahari ikapanda kupitia chini kwa chini, ikajaza shimo langu kutokea tumboni, ikamwagika juu. Maji ya chumvi. Ukoka uliokuwa karibu na shimo uliungua kwa siku chache ukawa mweupe. Mimi niliyefanya kazi gatini umri mzima, nikiangalia maji yakipanda na kushuka ngazi, nilisahau kwamba bahari hutembea pia chini ya nyumba. Nikalifukia lile shimo kwa aibu, alfajiri, kabla Hamdu hajapita.

Hapo ndipo nilipoamua kuwapigia wenyewe. Kwenye mwanzo wa barabara wameweka bango lenye picha ya mikono inayosalimiana na namba ya simu, chini yake wameandika: Sauti Yako Ni Kazi Yetu. Nikapiga. Simu ikapokewa na msichana, sauti tamu, Kiswahili cha bara.

"Karibu, tukusaidie vipi?"

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na haraka, salio la simu lilikuwa linakwisha. Mtu mwenye hasira husema lugha aliyonyonya. "Mimi Yunusi wa Wiyoni! Mai yamejaa ugani, yatokana na barabara yenu! Ndooni! Ndooni yeo, si kesho!"

"Pole sana, mzee. Ndoo ni za nini?"

"Za nini vipi? Maji, mwanangu, maji!" Hapo nilijitahidi nikasema maji. "Maji yamejaa! Nasema ndooni!"

"Ndoo ni ngapi, mzee?"

Mimi nilielewa ananiuliza waje watu wangapi. Nikaona hapo, leo nimepata ofisi yenye adabu. "Wote!" nikasema. "Ndooni nyote, na mkubwa wenu!"

"Nyingi, na moja kubwa. Sawa, mzee. Zitafika."

Simu ikakatika. Nilikaa kizingitini nikijisifu. Nilimwambia Thuwaiba: "Nimewaita. Waya na mkubwa wao." Waya kwetu ni wanakuja. Thuwaiba, ambaye anauza mahamri na anajua habari za kila mtu, alinitazama kwa huruma fulani nisiyoipenda.

"Wamekwambia waya lini?"

"Wamesema watafika."

"Haya." Akafunika sufuria yake. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na sufuria: "Na yale mawe hujaweka?"

"Mawe gani?"

"Mawe ya Shela. Hadia hakukwambia? Ule ukoka wa Shela, tini yake kuna mtaro umejazwa mawe. Mai yashuka kwenye ukoka, yaingia kwenye mawe, yatafuta ndia katikati ya mawe yenda zake. Aliona siku walipofukua. Akaja akanieleza hapa hapa, kakaa pale ulipokaa. Akasema siku mai yakitutesa nasi tutafanya hivyo."

Nikasema ndiyo, alinieleza. Nilimwambia uwongo. Hadia hakunieleza, au alinieleza na mimi nilikuwa nahesabu magunia kichwani. Nilirudi ndani nikakaa. Miaka yote ile niliyokaa naye, na kumbe kuna maneno yake mengine yako kwenye sufuria ya jirani, sijui mangapi, nami siwezi kwenda kuyaomba yote siku moja.

Kesho yake, maji yakiwa yamepungua, nikaanza kuufukua ukoka. Niliukata kwa panga vipande vya mraba, kama mtu anavyokata mkate wa sinia, nikavinyanyua na udongo wake, nikavipanga kivulini nikivinyunyizia maji. Vilivyooza nikavitupa. Vilivyobaki hai nilivitazama mizizi: myeupe, imesokotana, hujui kipi kilitoka kwenye leso ya siku gani. Pale katikati, kutoka mahali pa jamvi lake mpaka ukingo wa barabara, nikachimba mtaro. Si wa kina, safari hii niliiogopa bahari. Niliuinamisha kidogo kidogo uelekee barabarani. Mawe nilikuwa nayo, ya ukuta wa choo cha zamani, nikayavunja kwa nyundo, makubwa chini, madogo juu. Juu ya mawe nikatandika magunia yaliyochakaa, udongo usiingie ukaziba. Kisha mchanga, kisha ukoka wake, kipande kando ya kipande. Udongo mgumu kwingineko niliutoboa kwa mtaimbo, tundu kwa tundu, ili upate kupumua. Mgongo wangu ulinikumbusha kila gunia nililowahi kubeba gatini.

Hamdu alipita. Alisimama muda mrefu bila kutania, nikajua kumbe kazi inaonekana.

"Na mwisho wake wapi?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mtaro wangu ulifika ukingoni mwa barabara, ukakutana na ule ukuta wa kifusi. Upande wa pili, hatua chache tu, kuna mteremko na mikoko. Bomba moja la unene wa mkono, lipite chini ya barabara, lingetosha. Nikachimba kishimo kifupi hapo mwisho, kama bakuli, cha kukusanyia. Mvua ya usiku ilipokuja, niliamka nikakuta muujiza: ukoka uko juu ya maji, umelowa lakini umesimama, na maji yote yameteremka kwa ndani ya mawe, yamejaa kwenye bakuli, yanasubiri chini ya barabara kama watu waliofungiwa mlango wa ofisi.

Basi yakisubiri muda mrefu, bakuli linajaa, yanarudi nyuma. Nikatamani kung'oa zile kabro kwa mtaimbo. Thuwaiba akanizuia. "Watakufunga, Yunusi. Barabara yao ni mali ya serikali, mai yao ndiyo mali yako."

Siku hiyohiyo, Mungu ana mipango yake, ofisi ikaja.

Walikuja na tuktuk mbili za mizigo. Walivaa vizibao vinavyong'aa, mmoja ana kamera, na mbele yao afisa mnene mwenye tabasamu. Wakaanza kuteremsha ndoo. Ndoo mpya, za plastiki, za buluu, zenye vifuniko, kila moja ina ile picha ya mikono inayosalimiana. Na moja kubwa, pipa zima, nyekundu. Watu wakatoka majumbani.

"Mzee Yunusi?" akasema afisa. "Ombi lako tumelisikia. Sauti yako ni kazi yetu. Shika hii tupige picha."

Nilikuwa nimeshika ndoo kabla sijafahamu. Kamera ikalia.

"Za nini hizi?" nikauliza.

"Si uliomba ndoo?"

"Mimi?"

"Kwa simu. Msichana wetu aliandika: ndoo nyingi, na moja kubwa."

Wa kwanza kuelewa alikuwa Thuwaiba. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha Hamdu akapiga yowe, akamkumbatia punda wake asianguke. Kicheko kikapita mtaa mzima kama moto wa makuti.

"Sikuomba ndoo!" nikapiga kelele. "Nilisema ndoo! Ndoo! Ninyi! Watu!"

Afisa alimgeukia Thuwaiba. "Mama, anasema nini?"

"Kwetu," akasema Thuwaiba akijifuta machozi, "ndoo ni njoo. Aliwaita mje."

Afisa naye akacheka, tena kicheko kizuri, cha tumboni, mpaka nikakaribia kumpenda. Akanipiga bega. "Aisee, mzee! Hii nitawaambia ofisini." Kisha nikamvuta mkono, nikamwonyesha mtaro, nikamwonyesha bakuli limejaa, nikamwonyesha mikoko pale, upande wa pili. Alitazama. Sitamsingizia, alitazama vizuri, tena akainama.

"Hapa panataka kalavati," akasema.

"Ndivyo nilivyosema Ramadhani."

"Lakini hii barabara imeshakabidhiwa. Kuifungua tena ni mambo ya ofisi nyingine, si yangu. Mimi ni wa ndoo." Akasikia alichosema, akaona haya kidogo. "Namaanisha, wa misaada. Nitawaeleza wenzangu. Watakuja."

"Mwaya lini? Mtakuja lini?"

"Watakuja, mzee."

Wakagawa ndoo nyingine kwa majirani, wakapiga picha tena, wakaondoka. Mimi nikabakiwa na ndoo mbili na lile pipa jekundu. Nilizitazama. Maji yalikuwa yanafika ukingoni mwa bakuli, yanaanza kurudi. Nikachota. Nikapanda barabara, nikavuka, nikamwaga upande wa pili, maji yakashuka mbio kwenye mikoko kama yamekumbuka nyumbani. Nikarudi nikachota tena.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Ikinyesha, naamka, nachota, navuka, namwaga. Ikiwa bamvua, na maji ya chini yamenyanyuka, nachota hata bila mvua. Nilibeba mizigo ya watu umri mzima nikidhani nimestaafu. Pikipiki hunipigia honi nikivuka, vijana huniita Mzee Kalavati. Sijibu. Mvua za mwisho za kusi zilipopita, ukoka ulikuwa umeshika. Ile mistari ya vipande nilivyokata ilikuwa imeanza kuzibika, na pale katikati kijani kilirudi kile kile, cha zamani, cha kurushiwa kandambili.

Nusra alikuja Agosti, siku mbili baada ya shule kufunga. Alisimama mlangoni mwa uga na mkoba begani. Akavua viatu. Akatembea juu ya ukoka mpaka katikati, akapapasa kwa mkono, akauangalia mkono wake. Mkavu. Akaenda ndani mwenyewe, akajua jamvi liko wapi, akalitandika. Akaja na birika.

"Ndoo, Baba," akasema.

Sikuweza kwenda mara moja. Nilijifanya natafuta kofia. Kisha nikatoka, nimeukaza uso, na ndoo ya buluu mkononi.

"Umeita ndoo. Hii hapa."

Alicheka, akaokota kandambili, lakini hakuirusha. Akaishika tu. Tulikunywa kahawa. Alisema atatimiza ahadi, pakavu ni pakavu, hatanilazimisha. Nikashukuru Mungu. Nilimwonyesha mahali alipopenda kukaa mama yake, kana kwamba yeye hapajui.

Siku ya tatu ya kukaa kwake ilikuwa bamvua, ikanyesha na mvua ya ghafla, ile isiyo ya msimu. Nilimwacha ndani nikatoka na ndoo zangu. Nilikuwa nimeshavuka mara nyingi, nguo zimenigandama mwilini, nilipomwona amesimama barabarani, leso kichwani, ananitazama. Kabro zilikuwa zinateleza. Mguu wangu mmoja ulitangulia mahali nisipotaka, nikapiga goti, maji ya ndoo yakamwagika yakarudi ugani. Nikainuka. Si kitu, mtu huteleza.

Nusra hakukimbia. Alikuja polepole, akachukua ndoo moja, akachota, akavuka, akamwaga. Tukafanya kazi ile pamoja mpaka bakuli likawa tupu. Nilifikiri: leo barabara hii ina watu wawili. Kesho kutwa atarudi Mombasa kwa mumewe na wanawe, na ofisi ile nyingine, hiyo isiyo ya ndoo, bado haijaja. Nimewapigia tena. Nimesema njooni, kwa nj ya bara kabisa, nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Yule msichana mwenye sauti tamu alisema ameandika.

Tulipokaa kizingitini kujikamua maji, Nusra aliigeuza ile ndoo ya buluu mikononi, akawa anasugua ile picha ya mikono inayosalimiana, imeshaanza kufutika.

"Baba," akasema, "siku utakapoanguka hapo barabarani na hii ndoo mkononi, ukaita 'ndoo, ndoo', ni nani atakayejua kwamba unaita mtu?"